Kamba Ikishafungwa

Mtu akiumwa na nyoka shambani kwenye delta ya Rufiji, kitu cha kwanza kutafutwa ni kamba. Upande wa kanga uliochanwa, ugwe wa makumbi, kipande cha tyubu ya baiskeli: chochote kilicho karibu huzungushwa juu ya jeraha na kukazwa mpaka mwenye mguu apige kelele. Baada ya hapo akili za watu wote huhamia kwenye usafiri. Nani ana boti, maji yanajaa saa ngapi, bodaboda gani itakubali kuja mpaka kivukoni. Katika pilikapilika hizo kamba inasahaulika, na mguu uliomo ndani yake unasahaulika nayo.

Mhadhara huu unahusu kusahau huko. Kazi ya kumfunga mtu ni ya dakika moja. Kazi ya kumwangalia aliyefungwa inaanza fundo likishakazwa, na ndiyo ngumu: kumuuliza, kumgusa, kuangalia saa, kuwa na kisu mkononi. Ni kazi ileile kwa mgonjwa wa nyoka, kwa kijana aliyevunjika mkono akafungwa magango, na kwa watu wazima wawili waliokubaliana kufungana kamba chumbani kwa starehe yao. Hao wa mwisho watazungumzwa pia, bila kuinamisha macho, kwa sababu neva haijui kama kamba imefungwa na mganga, na adui au na mpenzi.

Mahali penyewe pana mchango wake. Wilaya ya Kibiti ilimegwa kutoka Rufiji katikati ya miaka ya 2010, na upande wake wa mashariki mto unagawanyika matawi mengi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi, mkabala na kisiwa cha Mafia. Mikoko ya hapo inakadiriwa kufunika hekta kama 50,000. Watu wa Salale, Mbwera, Kiongoroni na Maparoni hawapimi safari kwa kilomita, wanaipima kwa maji. Boti ikitoka kijijini wakati maji yanakupwa inaweza kukwama kwenye tope na kungoja, na toka maji kupwa mpaka kujaa ni kama saa sita. Nyama ya mguu au mkono uliokatiwa damu kabisa huanza kufa kati ya saa nne na saa sita. Kwa hiyo hesabu ya bahari na hesabu ya mwili zinakutana palepale, na mwenye kamba ndiye anayelipa.

Huko juu kwenye bonde la mpunga mambo si mepesi zaidi. Msimu wa kulinda shamba, familia huhamia kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ili kuwafukuza nguruwe na ndege. Mpunga huvuta panya, panya huvuta nyoka. Mafuriko yakija, kama yale ya Aprili 2024 yaliyoikumba Rufiji na Kibiti, watu na nyoka hukimbilia vichuguu vilevile.

Kifutu, ambaye wengine humwita moma, ndiye anayefaa kutazamwa kwanza. Ni mnene, mvivu, hakimbii akisikia hatua za mtu. Hulala pale pale njiani mpaka akanyagwe. Sumu yake huua nyama na kuvimbisha mguu kwa kasi. Sasa mguu unaovimba ukiwekewa kamba isiyovimba, matokeo hayahitaji daktari kuyaeleza: kamba iliyokuwa ya kadiri saa mbili asubuhi inakuwa kitanzi saa nne, na hakuna aliyeigusa. Sumu badala ya kusambaa inabaki imekusanyika mahali pamoja, ikila nyama zilezile ambazo tayari zimekosa damu. Koboko ana habari nyingine. Sumu yake hupiga neva mpaka kifua kishindwe kuvuta pumzi, na hapo kamba ya kukata damu haimfai mgonjwa bali huwapa wauguzaji moyo wa bure kwamba wamekwisha fanya la maana.

Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017, na mwaka 2019 likatangaza mkakati wa kupunguza vifo na ulemavu wake kwa nusu ifikapo 2030. Makadirio yake ni vifo kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani, na wanaobaki na viungo vilivyokatwa au ulemavu mwingine wa kudumu ni kama mara tatu ya hao. Sehemu ya ulemavu huo haikuletwa na nyoka. Imeletwa na kamba. Ndiyo maana ushauri wa leo ni mtu alazwe atulie, pete, bangili na viatu vitolewe kabla uvimbe haujapanda, mguu ulazwe juu ya banzi na kufungwa kwa ulegevu ili usitikisike tu, na safari ianze. Jiwe jeusi la nyoka, linaloaminiwa kunyonya sumu, lisiwacheleweshe. Na kama kamba kali imekwisha fungwa tangu mchana, isikatwe ghafla njiani kwa hofu. Inafunguliwa penye mhudumu wa afya, penye dawa ya sumu ikiwezekana, kwa sababu kilichokuwa kimezuiwa humwagika mwilini kwa mkupuo.

Ipo hali moja ambayo kamba kali inaokoa maisha. Mto Rufiji una mamba, na mtu aliyetafunwa mguu damu ikatoka kwa kuruka anahitaji kufungwa kwa nguvu zote, juu ya jeraha, mara moja. Hata hapo madaktari wa vita wana kanuni: saa ya kufunga inaandikwa, juu ya kitambaa chenyewe au kwenye paji la uso la mgonjwa, na saa mbili ndizo zinazochukuliwa kuwa mpaka wa usalama. Kalamu ya wino inafanya kazi hiyo. Hata mkaa.

Basi ataangaliwaje aliyefungwa? Wengi hutazama rangi, na rangi ina maana, ila si yote. Kwa ngozi nyeusi mkono hautasomeka kwa nje. Vya kutazamwa ni kucha na kiganja. Bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, uachie, hesabu. Wekundu urudi ndani ya sekunde mbili. Ukichelewa, damu inapita kwa taabu. Linganisha na mkono wa pili, usiofungwa, maana baridi ya alfajiri mtoni hufanya vidole vyote viwe baridi na vizito, na pasipo kulinganisha mtu atafungua kamba isiyo na kosa au ataiacha yenye kosa.

Tatizo ni kwamba damu na neva ni habari mbili. Mkono unaweza kuwa wa moto, mwekundu, mapigo yanasikika kwenye kifundo, na neva imebanwa tangu zamani. Aangaliaye damu peke yake atasema kila kitu kiko sawa. Neva mojawapo inayoumia kwa urahisi sana mkononi huteremka kutoka kwapani, ikazunguka mfupa wa mkono wa juu kwa nyuma na kutokea upande wa nje, katikati ya bega na kiwiko, ambapo imekaa karibu na mfupa kabisa bila nyama ya kutosha ya kuikinga. Kamba ikipita hapo na kukandamiza, mtu hushindwa kuinua kiganja. Mkono unaning'inia kifundoni. Mara nyingi hakuna maumivu yaliyotangulia.

Kuipima hakuhitaji chombo. Mwambie aliyefungwa ainue kiganja kuelekea juu huku unakikandamiza kidogo kwa vidole vyako viwili. Mwambie apanue vidole vyote vitano kama anayehesabu tano. Mwambie akutanishe ncha ya kidole gumba na ya shahada, afanye pete, na wewe ujaribu kuivunja pete hiyo kwa kidole chako. Hayo matatu yanagusa neva tatu kubwa za mkono. Kisha mguse nyuma ya mkono, kwenye ngozi laini iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, yeye akiwa hatazami, umuulize umemgusa wapi. Asipojua, au nguvu zikipungua kuliko ulivyompima kabla ya kufunga, kamba inatoka. Neno kubwa hapo ni kabla. Asiyempima mwenzake mikono ikiwa huru hana cha kulinganishia baadaye.

Muda nao haubembelezwi. Mwaka 1931 Thomas Lewis na wenzake wa London walifunga mikono ya watu wenye afya kwa mpira wa kupimia shinikizo la damu, wakaangalia saa. Damu ilipozuiwa kabisa, ndani ya kama nusu saa hisia zilikuwa zikiondoka vidoleni na nguvu zikifuata, ganzi ikianzia kwenye ncha na kupanda. Hao walikuwa wazima, wametulia, na mpira ulikuwa mpana. Ugwe mwembamba hubana sehemu ndogo kwa nguvu ileile, na hauna subira ya nusu saa.

Waungaji mifupa wa pwani wanafahamu mengi ya mambo haya kwa mikono yao. Anayejua kazi hufunga magango kwa vitambaa vipana, huacha vidole nje, na hurudi kuvitazama. Asiyejua huvifunika, na hapo huanza mazungumzo ambayo karibu kila kijiji kimeyasikia.

"Babu, vidole vinawaka moto."

"Vumilia mjukuu wangu, mfupa unaunga."

Mfupa hauungi kwa moto wa vidole. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua baada ya kufungwa, na yanayopanda kwa ukali pale mtu mwingine anapovinyoosha vidole taratibu, ndiyo dalili ya mwanzo kabisa kwamba shinikizo ndani ya nyama limepita kiasi. Ganzi na kupooza huja baadaye. Ukimya huja mwisho, na wauguzaji huupokea kwa furaha: mtoto amelala, maumivu yamekwisha. Richard von Volkmann, daktari mpasuaji wa Halle huko Ujerumani, alieleza mwaka 1881 jinsi mikono iliyofungwa bandeji kali ilivyokakamaa baadaye, vidole vimekunjamana kama kucha za ndege, na akaonyesha kwamba chanzo ni nyama kukosa damu. Leo ulemavu huo unaitwa kwa jina lake. Hospitali hazijasalimika nao: hata plasta ngumu, ambayo mitaani huitwa hogo, huweza kufanya yaleyale ikifungwa kwenye mkono ambao haujamaliza kuvimba. Watoto wanaoanguka kutoka kwenye miembe na mikorosho na kuvunjika juu kidogo ya kiwiko ndio walio hatarini zaidi.

Ushahidi mchungu wa kamba na neva umeandikwa nchi jirani. Miaka ya 1980 Amnesty International iliripoti kutoka Uganda mtindo wa askari wa kumfunga mtu ulioitwa kandoya: mikono inavutwa nyuma na kufungwa juu ya viwiko mpaka vikaribie kugusana. Kifua hubinuka mbele, pumzi hukatika, na walionusurika walibaki na mikono iliyopooza. Ni palepale, juu ya kiwiko, neva inapopita karibu na mfupa. Ulikuwa utesaji, na hakuna aliyesimama pembeni kuuliza kama vidole bado vinasikia.

Umbo la kufunga linalofanana na hilo, mikono nyuma, kamba juu ya mikono na kifua, ndilo linalopendwa sana na watu wazima wanaofungana kwa hiari. Mtindo uliosambaa duniani umetokea Japani, ambako mbinu za kale za kuwafunga mateka na wafungwa zilikuja kugeuzwa, katika karne ya 20, kuwa sanaa ya jukwaani na ya chumbani. Mchoraji Itō Seiu, aliyefariki mwaka 1961, hutajwa kama baba yake. Wapo wanaofanya hivyo Tokyo, Berlin na Nairobi, na hakuna sababu ya kudhani kwamba Kibiti ina ukuta wa kuzuia intaneti. Pwani hii haikuwa na haya ya kuzungumza mambo ya ndoa mahali pake. Bibi harusi alikuwa na kungwi au somo wake, na siku za fungate mwanamke huyo alikuwa karibu, kazi yake mojawapo ikiwa ni kujua hali ya mwari wake bila kungoja aambiwe. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013, alijulikana kwa unyago kama alivyojulikana kwa taarabu. Kufungana kwa kamba hakukuwamo katika mafundisho hayo, lakini wazo la kwamba starehe ya wawili inahitaji jicho la uangalizi si geni hata kidogo.

Chumbani hakuna somo. Aliyefunga ndiye mwangalizi, na hilo lina matatizo mawili.

La kwanza ni ridhaa. Kukubali saa tatu usiku si kukubali saa tatu na nusu. Ridhaa inaendelea kuombwa, na anayetaka kuiondoa lazima awe na njia ambayo haihitaji ujasiri. Wenye uzoefu huchagua neno moja lisiloweza kutokea kwa bahati katika mapenzi, na kwa mtu ambaye mdomo hautasema, kitu cha kushika mkononi: funguo, kwa mfano, zikidondoka kila kitu kinasimama. Funguo zina faida ya ziada. Mkono unaopoteza nguvu utaziachia wenyewe kabla mwenye mkono hajajua.

La pili ni adabu yetu. Mswahili akiulizwa hali hujibu njema, hata akiwa na homa. Jibu baya, kama lipo, hutanguliwa na salama. Ukimuuliza mke wako aliyefungwa, "Uko sawa?" utajibiwa, "Niko sawa, mume wangu," na hujapata habari yoyote. Woga wa kumharibia mwenzake raha, na mwili uliochangamka unaoficha maumivu, vinamsukuma kwenye jibu hilohilo. Maswali yenye faida ni yale yasiyojibika kwa ndiyo. Kidole gani kina ganzi? Wapi kamba inauma zaidi, kulia au kushoto? Finya mkono wangu. Anayechelewa kujibu, anayerudia neno, anayekuwa kimya ghafla, anayetoka jasho la baridi au kusema anaona giza, amekwisha jibu. Huyo analazwa chini kwanza, kwa sababu aliyesimama amefungwa mikono akizimia hana cha kujikinga uso.

Mengine ni ya ufundi. Kamba isipite shingoni, kwa namna yoyote, hata kwa kuonyesha tu. Mwaka 2011 mjini Roma mwanamke kijana alifariki katika mchezo wa aina hii uliohusisha kamba shingoni, na mwanamke mwingine aliyefungwa pamoja naye akafikishwa hospitali akiwa hajitambui. Kuzimia kwa mmoja kulitosha. Fundo lisiwe la kitanzi kinachojikaza likivutwa. Mizunguko iwe mipana, iliyolala bapa, kidole kipite chini yake. Kumning'iniza mtu hewani huongeza hatari zote kwa pamoja, na anayeanza hana biashara nako. Aliyefungwa haachwi peke yake, hata kwa muda wa kwenda kufunga mlango wa nje. Pombe haikai chumba kimoja na kamba. Mkasi wenye ncha butu, ule wa wauguzi wa kukatia bandeji, unakaa mahali ambapo mkono unaufikia gizani, maana umeme wa delta una tabia zake.

Kuna pia maswali ya kuulizwa mapema, mchana, watu wakiwa wamevaa nguo zao. Je, ana kisukari? Neva za mwenye kisukari cha muda mrefu zinaweza kuwa zimechoka tayari, na hatasikia onyo. Je, ana selimundu? Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 wanaozaliwa na ugonjwa huo kila mwaka, na damu yao inapokosa hewa ndipo chembe hujikunja na kuziba mishipa. Kumkatia mtu huyo damu mkononi ni kuyaita maumivu yake kwa jina. Je, bega liliwahi kutoka? Anameza dawa gani?

Na sheria? Uingereza, mwaka 1993, mahakama ya juu kabisa ya wakati huo iliamua kwa majaji watatu dhidi ya wawili kwamba ridhaa ya aliyeumizwa si utetezi kwa aliyesababisha majeraha katika michezo ya namna hii. Wanasheria bado wanabishana juu ya hukumu hiyo. Kwa mwenye mkono ulioning'inia ubishi huo hauna haraka.

Haraka yake ni nyingine. Kamba ikitoka, alama nyekundu hufutika kwa saa chache na ganzi ndogo huondoka kwa dakika. Ikibaki mpaka asubuhi, au kiganja kikikataa kuinuka, si jambo la kukandwa kwa maji moto na kungojewa. Neva iliyobanwa bila kukatika kwa kawaida hurudi, kwa wiki kadhaa au miezi miwili mitatu, mradi mkono ushikiliwe na banzi usining'inie na vidole vinyooshwe kila siku visikakamae. Kinachorudisha watu nyuma ni aibu. Mgonjwa hufika hospitali akasema aliulalia mkono, mhudumu anaandika hivyo, na kipimo kinatafutwa mahali pasipo. Mtu mzima anayefika kutibiwa Kibiti au Mchukwi akiwa na mkono wa namna hiyo anatakiwa kusema mambo matatu: kamba ilipita wapi, ilikaa dakika ngapi, na ganzi ilianza lini. Sababu ya kufungwa anaweza kubaki nayo mwenyewe.